Nakula vizuri, nakimbia, na bado niliota uvimbe kwenye tezi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nitajie vyakula vya kuzuia uvimbe wa tezi za adrenali, yasije yakanipata yaliyokupata." Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake halijanitoka. Tangu nifanyiwe upasuaji nimelisikia kwa sura nyingi, na kila mara ndani yake kuna dhana kwamba aliyeugua kuna kitu alikula, au kuna kitu hakukifanya.

Vyakula hivyo havipo, mdogo wangu. Hakuna mboga, juisi wala mbegu iliyothibitishwa kuzuia uvimbe huu, na anayekuuzia unga wa "kusafisha tezi" anachukua hela yako bure.

Tezi hizi ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo. Sehemu ya nje hutoa homoni: kortisoli, inayousaidia mwili kukabili msongo, na aldosteroni, inayotunza chumvi na presha. Ya ndani hutoa adrenalini, ile inayokurusha ukikutana na nyoka njiani. Uvimbe unaoota hapo mara nyingi si saratani. Wengi wanao na hawajui, mpaka siku wapigwe picha ya CT kwa shida nyingine kabisa. Wangu uliota sehemu ya ndani, aina inayoitwa feokromositoma, ukawa unamwaga adrenalini ovyo.

Nilikuwa mtu wa mazoezi. Morogoro nzima ya alfajiri wananijua, njia za kuelekea Uluguru nimezikimbia kiangazi na masika. Chumvi kidogo, mchicha, maharage, dagaa, soda sigusi. Halafu nimekaa kitini tu, kichwa kinaanza kugonga, jasho linanitoka hadi nguo zinalowa, moyo unakwenda mbio, presha inapaa. Baada ya muda kunatulia kimya, kana kwamba hakukuwa na kitu. Shangazi akasema ni majini, nikaombewa. Kwenye zahanati nikaambiwa ni wasiwasi, nipunguze mawazo. Na kuna mhudumu mmoja alinitazama mwili mara moja akasema, "Punguza chipsi." Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichonisaidia ni daftari. Nilinunua mashine ya presha, nikawa napima hali ikianza na ikishatulia, naandika saa na namba. Daktari wa hospitali ya rufaa alipolisoma aliuliza swali moja tu: kichwa, jasho na moyo kwenda mbio huja kwa pamoja? Nikakusanya mkojo wa saa 24 ukapimwe metanefrini, mabaki ya adrenalini mwilini. Majibu yakaja juu sana, CT ikaonyesha ulipo.

Kabla ya upasuaji nilipewa dawa ya kulegeza mishipa ya damu, kisha nikaambiwa ninywe maji mengi na niongeze chumvi. Chumvi! Mimi niliyeikimbia miaka yote. Daktari akanieleza kuwa adrenalini ilikuwa imeibana mishipa muda mrefu, damu imepungua maji. Uvimbe ukitolewa ghafla presha ingeweza kuporomoka. Akaniambia pia kwamba dawa ya kupunguza mapigo ya moyo haitangulii kwenye ugonjwa huu, kwani ikianza peke yake presha inaweza kupanda vibaya. Ndiyo maana nawasihi msimeze dawa ya presha ya jirani. Hata ushauri mzuri wa afya una mtu wake na wakati wake.

Je, mazoezi yalikuwa bure? Hapana. Moyo wangu ulistahimili dhoruba ile, na baada ya upasuaji wa matundu madogo nilisimama mapema. Nimerudi barabarani, nakimbia, na najivunia. Acheni sigara pia. Imehusishwa na saratani ya tezi hii, ingawa ni nadra, mtu 1 au 2 kati ya milioni kwa mwaka. Hata bila hiyo, mapafu yako yanatosha kuwa sababu.

Na nyinyi wenzangu wa mkorogo, leo siwaachi. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kortisoli. Zikipenya mwilini miezi na miezi, uso unavimba, tumbo linakua, presha na sukari vinapanda, sawasawa na mwenye uvimbe unaotoa kortisoli, na tezi zako zenyewe zinalala. Ukiziacha ghafla unaweza kuanguka. Ukienda kwa daktari, nenda na kopo. Usione aibu, mwonyeshe.

Kama una presha ukiwa bado kijana, au unameza dawa tatu na haishuki, au potasiamu, madini yanayopimwa kwenye damu, iko chini, uliza kuhusu tezi hizi. Kati ya watu 100 wenye presha, 5 hadi 10 chanzo chao ni aldosteroni iliyozidi, na wengi wanaendelea kulaumiwa kwa chumvi.

Tena feokromositoma, karibu theluthi yake, hutokana na jeni za kurithi. Mwili unaofanya mazoezi na mwili wa mvivu hurithi sawa. Ndugu zangu wa tumbo moja niliwaambia wakapime. Dada zangu wamekwenda. Kaka yetu anasema yeye anacheza mpira kila Jumamosi, hana haja, nami sitaacha kumpigia simu.