Rangi ya midomo imebanduka siku ya sita, nirudie?

Dada, umeuliza kama urudi saluni wiki hii kwa sababu tatuu ya midomo, uliyotaka iwe ya pinki, imetoka na magamba, midomo imepauka, na fundi anasema uje akuongezee. Usiende. Kupauka huko ni hatua ya kawaida ya kupona, na kuchomwa tena sindano juu ya ngozi ya siku sita ndiyo njia fupi ya kupata kovu.

Iko hivi: wino unawekwa chini kidogo ya tabaka la ngozi linalojibadilisha lenyewe. Siku ya kwanza midomo inavimba na rangi inawaka mno, maana wino mwingine umebaki juu juu pamoja na majimaji ya kidonda. Kati ya siku ya tatu na ya sita hiyo ya juu inabanduka. Ngozi changa inayochukua nafasi yake ina ukungu, kwa hiyo wino wa chini unafichika na unaona kama umeibiwa hela. Wiki ya tatu au ya nne rangi inaanza kujitokeza. Marekebisho ni wiki ya sita hadi ya nane, na hata hapo usitegemee kuona ule ukali wa siku ya kwanza: theluthi moja hadi nusu yake huwa imeondoka.

Magamba ndiyo yanawaponza wengi. Gamba lililoiva linanyanyuka kingo na kutoka lenyewe ukipaka mafuta. Lile lililoinuka upande mmoja huku katikati limeshika, ukilivuta linaondoka na wino wake, na wiki ya nne utaona doa tupu lenye umbo lake lile lile. Huwa ni katikati ya mdomo wa chini au pembeni, panapofika meno. Likikukera, likate kwa mkasi mdogo safi.

Matunzo yenyewe hayana gharama. Asubuhi na jioni safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha kwa kugusagusa na tishu, usisugue. Kisha Vaseline, utando mwembamba tu. Ukiijaza, magamba yanalowana na kutoka kabla ya wakati. Rudia kila midomo inapokaza. Ndimu, pilipili, achari na chai ya moto viache mpaka magamba yaishe, na dawa ya meno isitapakae midomoni. Bahari na bwawa la kuogelea, wiki mbili. Sukari na asali ya kusugulia, manjano, liwa, vyote vikae kando hadi upone kabisa. Ukishapona, mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya SPF 30, maana jua linakula rangi hii haraka.

Sasa hiyo pinki uliyotaka. Kwenye midomo yenye weusi wa asili, pinki ya ubaridi, ile inayoelekea buluu, ikikaa juu ya weusi inageuka zambarau au kijivu. Fundi anayejua kazi anaanza na rangi ya chungwa au pichi ili kuzima ule weusi, halafu raundi ya pili, baada ya wiki nane hivi, ndipo anaweka rangi unayoitaka. Anayekuahidi midomo ya mtoto mchanga kwa siku moja anakudanganya. Tena ngozi zetu zikiumizwa sana zinajibu kwa weusi: fundi anayekandamiza sindano na kurudia pale pale mpaka damu itoke anaweza kukuacha mweusi kuliko ulivyokuja.

Kama huwa unatokwa na vilengelenge vya homa mdomoni, sindano inaviamsha. Muone daktari kabla ya raundi ijayo. Kwa kawaida dawa kama asiklovia huanzwa kabla ya kuchomwa, si baada ya kutokwa. Vikitoka sasa, au ukiona usaha, homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, nenda hospitali, si saluni. Mwenye mimba asubiri. Anayepaka mkorogo wenye steroidi karibu na mdomo aache kwanza: ngozi imekonda na inachelewa kupona. Na katriji ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, itupwe baadaye. Homa ya ini na VVU havijali uzuri wa saluni.

Ikitokea wiki ya nane hujaipenda rangi, usikimbilie leza, ule mwanga wa kufutia tatuu. Wino wa pinki mara nyingi una titani daioksaidi au oksidi ya chuma, na leza inaweza kuvigeuza kijivu au vyeusi papo hapo. Mara nyingi rangi hurekebishika kwa rangi nyingine, lakini fundi atakayeifanya lazima ajue kilichomo. Kwa hiyo mpigie huyo wa kwanza leo, akutumie picha ya chupa ya wino, jina na namba yake vionekane.