Jibu: Marafiki wa kwaya wamenyamaza, je, Mungu ameniacha?

Dada, umeuliza kama ukimya wa wenzako wa kwaya tangu uhamie Dodoma ni ishara kwamba Mungu amekuacha. Hapana, dada yangu. Fungua 2 Timotheo 4, usome polepole kuanzia mstari wa 9. Paulo yuko kifungoni. Dema amemwacha, Kreske amekwenda Galatia, Tito Dalmatia. Amebaki Luka peke yake. Na mtume huyu hajikazi kisabuni: anamsihi Timotheo aje upesi, kabla ya majira ya baridi, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu.

Kinachonigusa zaidi ni Marko. Katika Matendo 15 Paulo alikataa kabisa kusafiri naye, hata akatengana na Barnaba kwa sababu hiyo. Sasa anaagiza aletwe, kwa kuwa anamfaa. Kwa hiyo usifute namba za wenzako.

Nami nilipohamia ugenini, miezi mingi nilitoka ibadani bila mtu kuniita kwa jina. Sala zangu zilikuwa fupi, lakini za kweli. Mwandikie mmoja wao leo, bila lawama. Mwambie umemkumbuka, na ungependa aje.