Mjomba wa Sinema: Killmonger ana kosa gani?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi na binamu yangu tumenuniana kwa sababu ya Black Panther. Nasema hakuna sinema ya mashujaa iliyoifikia. Yeye anasema inasifiwa kwa sababu ya watu weusi tu, na adui ndiye mwenye haki. Tuamulie. Halafu mdogo wangu wa miaka 9 anataka kuiona, nimruhusu?
Msomaji, Igogo, Mwanza

JIBU: Marahaba. Binamu yako kakosa moja, kapata moja.

Kusema inasifiwa kwa rangi tu ni kuwadhulumu mafundi. Yale mablanketi ya watu wa W'Kabi, walinzi wa mpaka wa Wakanda, nchi ya kubuni ya sinema hii, ni ya Wasotho, yanavaliwa Lesotho hadi leo. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi mwaka 2019, na Ludwig Göransson ya muziki. Göransson alikwenda kwanza Senegal kwa Baaba Maal, na sauti ya Baaba Maal ndiyo inayotupokea ndege ikiingia Wakanda.

Kuhusu Killmonger, huyo adui, niko upande wa binamu. Aliyemuua baba yake ni baba yake mkubwa, mfalme T'Chaka, kule Oakland mwaka 1992. Mtoto akaachwa hukohuko, ukoo ukanyamaza. Familia ngapi zina siri ya namna hiyo? Anarudi mtu mzima na kuuliza: mna nguvu zote hizi, wenzenu wanateseka, mmefanya nini? Swali zito. Waandishi nadhani liliwatisha, maana wakamfanya ampige risasi mpenzi wake na kumkaba koo mama mtunza mimea, ili tuache kumsikiliza. Hapo walinikera. Ila T'Challa, mwana wa T'Chaka na ndiye Black Panther mwenyewe, anawakabili wazee wake kuzimu na kuwaambia walikosea, nami nikawasamehe nusu.

Pambano la mwisho ni bovu. T'Challa na Killmonger wote wamevaa nyeusi, wako mgodini gizani, treni zinapita katikati yao. Kwenye banda la video la Kirumba nilikoitazama, televisheni ndogo, mtafsiri mwenyewe alinyamaza: hakujua nani kapigwa. Vifaru wa kompyuta huko juu usiniulize.

Na kuna lile la M'Baku, mkuu wa kabila la milimani. Anatania kwamba watu wake hawali nyama, punde anasema T'Challa aliokotwa mtoni na mvuvi wao. Wateja wa banda lile wengi ni watu wa mwaloni, wanaoishi kwa samaki. Mmoja akapaza sauti, "Huyo mvuvi anamvulia nani?" Sijasikia uhakiki bora zaidi ya huo.

Mdogo wako: Marekani wanawatahadharisha wazazi wenye watoto chini ya miaka 13. Mimi ningemruhusu, lakini ukae naye, hasa Killmonger anapompiga risasi yule dada.