Mnaoanza kusoma nakshi za Kigothi, anzeni na kivuli

Mwaka wangu wa kwanza nilikariri majina ya nakshi za Kigothi, yaani za makanisa ya Ulaya ya Zama za Kati, kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Siku niliyosimamishwa mbele ya nguzo yenyewe, nikabaki kusema, "Hili ni jani." Basi. Ndiyo maana nawaambia: majina yatakuja, kwanza tazameni kivuli.

Nendeni kanisa kuu la Southwell, Nottinghamshire, kwenye ukumbi wa mikutano ya makasisi uliojengwa miaka ya 1290. Vichwa vya nguzo vimejaa majani, na utatambua hili la mwaloni, lile la mzabibu, kwa sababu hata mishipa yake imechongwa. Sasa inama uchungulie nyuma ya jani. Patasi imepenya mpaka jani limebaki limeshikwa na kikonyo na ncha chache tu; nyuma yake ni weusi mtupu. Weusi huo ndio unaolitoa jani mbele ukiwa umesimama chini, katika mwanga hafifu wa Uingereza. Sisi tuliozoea milango ya Unguja na Lamu, ambayo nakshi yake haizami sana na jua la mchana huionyesha vizuri, jambo hili hutupita kirahisi.

Kwa hiyo bebeni tochi, muimulike nakshi kutoka ubavuni, kamwe si kutoka mbele. Mkichora, pakeni giza kwanza, mistari baadaye. Kisha linganisheni na kanisa kuu la Wells, Uingereza hiyo hiyo: majani ya huko, ya takriban karne moja kabla, si ya mti wowote unaoweza kuutaja, yamejikunja tu kwa nguvu, na katikati yake kuna mtu anayevuta mdomo kwa kidole kwa maumivu ya jino. Nampenda sana mtu yule.

Tahadharini na tarehe. Niliwahi kuwasifu wachongaji wa karne ya 13 kwa mazimwi yanayochungulia Paris kutoka kanisa kuu la Notre-Dame, mwalimu akanirudishia kazi yote. Mazimwi yale yaliwekwa karne ya 19, katika ukarabati wa msanifu majengo Viollet-le-Duc. Gagoili halisi, yaani zimwi la kutemea maji, lina mfereji: maji ya mvua hupita mwilini mwake na kutemwa mbali, ukuta usilowe. Ukiona zimwi, tafuta kwanza njia ya maji.

Na huko Southwell watafuteni nguruwe wanaokula matunda ya mwaloni. Mimi niliwapita mara mbili kabla sijawaona.