Maswali ya Wasomaji: Malenga Aliyefunga Mapatano na Malkia wa Fei

SWALI: Bwana Mhariri, salamu. Sisi ni vijana watano wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, na kila Jumamosi alasiri tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons kwa kanuni za mwaka 2014. Mchezo mpya utaanzia ngazi ya kwanza ya uwezo wa wahusika na kuishia karibu na ya kumi. Mhusika wangu ni chotara wa mtu na elfi, na ninataka uchawi wake utokane na Fei, wale viumbe wa msituni, wazuri na wenye hila, wa ngano za Ulaya. Nimefikiria kuchanganya fani tatu: mchawi wa mapatano, malenga na mganga wa msitu. Je, itawezekana?

JIBU: Ndugu msomaji, nimefurahi kuona kwamba umeanza na mhusika kabla ya hesabu, lakini hesabu ndiyo itakayokubana, kwa hiyo nianze nayo. Anayechanganya fani hutakiwa awe na alama 13 au zaidi katika sifa kuu ya kila fani. Malenga na mchawi wa mapatano hutegemea mvuto. Mganga wa msitu hutegemea hekima. Ukizipanga zile alama za kawaida, yaani 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kisha ukaongeza haki za uchotara wako, utapata mvuto 17 na hekima 13, na mlango wa fani zote tatu utakuwa wazi. Shida utaikuta ndani. Matamko ya uchawi ya mganga hupimwa kwa hekima yako, ambayo ni ndogo, na nyongeza za sifa huja katika ngazi ya nne na ya nane ya fani yenyewe, wala si za mhusika mzima, hivi kwamba ukigawa ngazi kumi kwa nne, tatu na tatu utapata nyongeza moja tu.

Mwache mganga. Ladha ya msitu utaipata kwa malenga, ambaye orodha yake ina tamko la kuzungumza na wanyama, la kufanya urafiki nao, na baadaye lile la kuotesha mimea hadi adui apite kwa shida kubwa.

Ushauri wangu ni huu: chukua ngazi mbili za mchawi wa mapatano, ukimchagua bwana au malkia wa Fei awe mwenye kukupa uchawi huo, kisha zote nane zilizobaki umpe malenga. Kuanza na mchawi kunakupa kinga ya hekima, ambayo ndiyo huombwa mara nyingi na uchawi wa kuteka akili. Katika ngazi ya pili utaongeza mvuto wako kwenye madhara ya mwale wake mkuu, na mwale huo hukua kwa ngazi ya mhusika mzima, ukawa miwili katika ngazi ya tano hata kama hukuongeza ngazi nyingine ya uchawi huo. Usiudharau. Matamko mengi ya Fei hulaghai, na wafu wanaotembea pamoja na sanamu zenye uhai mara nyingi hawalaghaiki kabisa. Siku hiyo mwale ndio utakaokuokoa.

Gharama ipo, nami sitaificha. Wenzako watakapopata matamko ya daraja la tatu katika ngazi ya tano, wewe utayangoja hadi ya saba. Kama subira hiyo ni nzito kwako, tangulia na ngazi tano za malenga.

Katika ngazi ya tatu ya malenga, chagua chuo cha wale waliofunzwa na Fei, kilichomo katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017. Uwezo wake uitwao joho la hamasa huwapa wenzako uhai wa muda na kuwaruhusu kusogea papo hapo bila kupigwa na adui wanayemwacha. Kwa kundi la watu watano, sijui zawadi nzuri zaidi ya hiyo. Joho hilo hutumia kitendo cha ziada, ambacho ni kimoja tu kwa zamu, sawa na laana ambayo wachawi wa mapatano huipenda mno, na laana hiyo hudai umakini wa kuidumisha, sawa na mwanga wa Fei unaowaonyesha maadui. Umakini ni mmoja tu kwa wakati. Kwa hiyo iache laana, na mwanga huo ujifunze mara moja tu, kwa kuwa fani zako zote mbili zinautoa.

Kuhusu bwana wako wa Fei, huna haja ya kumtafuta mbali. Wazee wetu wanaikumbuka michoro ya Mamba Muntu iliyotundikwa sebuleni hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970: nusu mwanamke, nusu samaki, anayempa utajiri mtu aliyeokota unywele wake, kwa sharti la kutunza siri. Hayo ni mapatano kamili. Malkia wako abaki wa Fei, lakini sharti lake liwe la namna hiyo, na mkubaliane na mwendeshaji wa mchezo kabla ya Jumamosi ya kwanza ni siri gani malenga, ambaye kazi yake ni kuimba, amekatazwa kuiimba.