Hamu ya mazoezi ikikatika, nifanyeje?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa mezani tangu asubuhi hadi jioni. Kila baada ya miezi michache najipanga upya: kukimbia saa nzima, siku sita kwa wiki. Wiki ya kwanza naenda vizuri, ya pili naanza kuruka siku, ya tatu raba zimeshaingia chini ya kitanda. Nikitoka kazini nguvu sina na hamu sina. Niliwahi hata kulipia jimu mwaka mzima nikidhani uchungu wa pesa utanisukuma, wapi. Mke wangu sasa ananiambia mimi si mtu wa mazoezi, na nakaribia kumkubalia. Nifanye nini hamu isikatike?
*Mwanzaji wa Kila Mara*

JIBU: Ndugu yangu, tuanzie hapo ulipomalizia, kwa sababu hamu itakatika tu. Yangu inakatika, na ya wale ninaowafundisha inakatika, wakiwamo waliokaa kwenye mazoezi miaka na miaka. Hao waliodumu wakikusimulia siku zao utashangaa: jioni nyingi wanatoka wakiwa wazito vilevile kama wewe. Tofauti yenu ni kwamba wao wana kitu kidogo cha kufanya siku ambayo mwili haujisikii, na wewe huna.

Angalia mpango wako. Saa nzima, siku sita. Huo ni mpango wa siku nzuri, siku ambayo umelala vya kutosha, kazini hakuna aliyekuudhi, na hali ya hewa imetulia. Siku za namna hiyo ni chache kwa kila mtu. Kwa hiyo siku yoyote ya kawaida kwako inahesabika umeshindwa, na mtu akishindwa mara nne au tano mfululizo huacha. Hata mimi ningeacha.

Tena unajidai kisichodaiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kukaza misuli siku mbili au zaidi. Wewe unajipangia dakika 360 za kukimbia, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha mazoezi makali, ukiwa umetoka kwenye kiti. Na lile sharti la zamani kwamba zoezi lazima lifike dakika kumi kwa mkupuo ndipo lihesabiwe, mwongozo huo umeliondoa. Hata kidogo kinahesabika. Kipimo cha wastani ni rahisi: unatembea haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini kuimba huwezi.

Basi panga upya, safari hii kwa kipimo cha siku yako mbaya kabisa. Mimi ningekupa dakika kumi. Siku ukijisikia, ongeza mpaka uchoke, hakuna atakayekuzuia. Lakini deni lako la siku ni dakika kumi, ukilipa umelipa.

Sasa saa. Usiseme "jioni", maana jioni ni ndefu na kochi liko karibu. Sema hivi: nikifika nyumbani, kabla sijakaa popote, nabadili nguo na kuvaa raba. Kabla sijakaa. Nalisisitiza hilo kwa sababu nimeona watu wengi wakipotelea hapo hapo. Anakaa "dakika tano tu" na simu mkononi, anakuja kushtuka usiku umeingia. Nguo ziwe zimetandazwa kitandani tangu asubuhi, na raba zitoke huko chini zilikojificha zikae mlangoni.

Usilione jambo dogo. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 ambao huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Wanafunzi wa chuo kikuu waligawanywa makundi matatu. Kundi moja halikupewa kitu cha maana, na asilimia 38 walifanya mazoezi wiki iliyofuata. La pili lilipewa maandishi ya kuwatia hamasa, faida za mazoezi na hatari ya ugonjwa wa moyo. Wakafanya asilimia 35. Hamasa haikuongeza mtu. La tatu lilipewa maandishi yaleyale, ila kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na wapi. Hao walifanya asilimia 91. Chukua kalamu, ndugu yangu, uandike.

Siku ambayo kutoka nje haiwezekani, fanya ndani. Chukua kiti imara kisichoteleza, simama ukikipa mgongo, miguu iachane kwa upana wa mabega. Shuka taratibu, makalio yakigusa kiti tu inuka, usikae. Mara kumi. Geukia ukuta, weka viganja usawa wa kifua, rudi hatua moja nyuma, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, sukuma. Mara kumi. Pumzika mpaka pumzi irudi, rudia mizunguko mitatu. Hapo misuli yako imepata haki yake.

Kuhusu uchovu wa kazini: mwingi ni wa kichwa na wa kukaa, na mara nyingi hupungua mwili ukianza kuchangamka. Toka, tembea dakika zako kumi. Zikiisha na bado u mzito, rudi nyumbani bila kinyongo. Lakini ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida, hiyo si habari ya uvivu. Simama na umwone daktari.

Jimu siilaumu, ila pesa ikishalipwa ya mwaka mzima inakuwa imeondoka, haikusukumi tena saa kumi na mbili jioni. Mtu anayekusubiri anasukuma zaidi. Na mtu huyo unaye. Shemeji yangu hajakosea sana, amesema alichokiona. Mwombe aache kukuuliza umekimbia kiasi gani, akuulize tu kama umetoka. Akikubali kutembea nawe siku mbili kwa wiki, bora zaidi.

Na usihesabu siku 21 kama wanavyosema mitaani. Utafiti wa University College London ulikuta jambo huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, wengine 18, wengine ilikadiriwa hadi 254. Ulikuta pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukiruka Jumatano, Alhamisi fanya dakika kumi zilezile. Usijiadhibu kwa kufidia.

SWALI: Kocha, nilikuwa naendelea vizuri kwa miezi mitano, nikashikwa na mafua makali, wiki tatu sijafanya kitu. Sasa nimepona lakini nimevunjika moyo, naona nimerudi mwanzo. Nina miaka 45.
*Mama wa Wawili*

JIBU: Pole sana, dada yangu. Hujarudi mwanzo. Pumzi ndiyo hushuka mapema, na utaisikia siku ya kwanza, lakini nguvu za misuli hukaa zaidi, na mwili uliowahi kuzoea hurudi upesi kuliko ulivyoanza. Kama homa na kikohozi vimekwisha kabisa, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya, wiki ya pili panda kidogo, ya tatu utakaribia pale pako. Misuli ikiuma kesho yake au keshokutwa, ni kawaida. Ikiuma goti au nyonga, punguza na usilazimishe.