Muulize Anko: Yule Mfaransa wa kwenye waya alikuwa kichaa au?

SWALI: Anko shikamoo. Juzi mi na mume wangu tumecheki dokumentari ya Man on Wire, ile ya Philippe Petit, Mfaransa aliyetembea juu ya waya katikati ya maghorofa pacha ya New York mwaka 1974. Mi imenipandisha mzuka nataka niache kazi nifungue duka langu la kushona, mume wangu anasema jamaa kichaa mwenye bahati tu. Alafu mbona video ya yeye akitembea haionyeshwi, zinapita picha tu? (Mama Wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Video haipo, wala usimlaumu mtengenezaji. Wenzake Petit walikuwa wamekesha wanavuta waya wa chuma wenye kilo kama 200, kulivyokucha kikabaki kupiga picha za mnato. Zile sehemu nyingine za usiku ule ni waigizaji.

Sasa hilo la bahati, hapo nampinga shemeji. Huyu mtu wazo lilimwingia 1968 akiwa kwa daktari wa meno, akaona kwenye gazeti picha ya majengo ambayo hata hayajakamilika. Akatembea 7 Agosti 1974, hebu piga hesabu. Katikati hapo alishapita juu ya kanisa la Notre-Dame Paris 1971 na daraja la Sydney 1973, akafunga waya shambani kwao Ufaransa, marafiki wakawa wanautikisa makusudi azoee upepo, akajifanya mwandishi wa habari ili apande juu ya paa akaangalie atafunga wapi, na akapata mtu anayefanya kazi humohumo ndani ya jengo. Kichaa gani anapanga hivyo?

Na ule usiku wenyewe, dah. Kuna wakati yeye na mwenzake wamejifunika turubai masaa kibao wanamsubiri mlinzi aondoke. Alafu kutoka jengo la pili rafiki yake Jean-Louis Blondeau akarusha mshale uliofungwa uzi wa kuvulia samaki, giza limeshika, Petit hauoni, akavua nguo zote akawa anautafuta kwa ngozi mpaka ukamgusa! Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya, waya ukawaponyoka ukaning'inia huko chini, wakaanza kuupandisha kwa mikono. Asubuhi akatoka, mita kama 400 kutoka chini, akavuka mara 8, dakika kama 45, akapiga goti, akalala kabisa juu ya waya huku polisi wanamsubiri kila upande.

Kwa hiyo mpwa wangu barua ya kuacha kazi iweke kwanza kwenye droo, cherehani ianze jioni ukitoka kazini, tafuta wateja wako kumi wa uhakika, upepo ukutikise kidogo ukiwa bado una mshahara.

Ila shemeji naye ana pointi ambayo sidhani kama ameiona. Angalia mwisho wa ile filamu vizuri, Jean-Louis analia kabisa mbele ya kamera miaka 30 na kitu baadaye. Petit alivyoachiwa tu (mashtaka yalifutwa, akaambiwa akawafanyie watoto onyesho bure kwenye bustani ya Central Park), akaenda na mwanamke aliyekutana naye mtaani, na Annie, mpenzi wake aliyemvumilia miaka yote ile, ndo ikawa basi. Urafiki na Jean-Louis nao ukafa. Mi sehemu hiyo iliniuma kuliko kile kimo chote, na nashangaa watu wakisimulia hii filamu wanairuka. Sasa kaa na mumeo muongee hela ya duka inatoka wapi na watoto jioni watakuwa na nani, maana waya wa kwako ataushika yeye.

SWALI: Anko naweza kuangalia na wanangu wa darasa la tano? (Baba K, Tabata)

JIBU: Unaweza, ila kaa na rimoti, kuna sehemu za watu uchi. Na jioni ukague kamba ya kuanikia nguo.